Blanketi la Mtani

Binti yangu aliacha kunywa maji siku kitanda cha jirani yake kilipotandikwa upya. Kwa mtoto mwenye sikoseli maji ni dawa, na mishipa ya mikono yake ilikuwa imechoka kuchomwa. Manesi walitafuta pa kuweka dripu wakakosa. Daktari wa wodi ya watoto alinieleza bila kuzunguka: asipokunywa, damu itazidi kukwama na figo zitaumia. Kazi yangu yote pale Kibaha ikawa kushika kikombe. Yeye, na miaka yake kumi na mmoja, alinigeuzia mgongo akatazama ukuta.

Jirani yake alikuwa msichana wa rika lake, mwenye ugonjwa uleule. Walikuwa wakigawana machungwa niliyoyanunua kituo cha Kwa Mathias na kubishana nani anajua kusuka. Alfajiri moja yule mtoto alifariki, wangu akiwa usingizini. Alipoamka, sisi kina mama wa wodi tulikuwa tumeshapatana la kumwambia: mwenzako amehamishiwa hospitali ya mjini. Hakuuliza mjini wapi. Hilo ndilo lililonitisha, maana huyu ni mtoto wa kuuliza mpaka ukimbie.

Tangu apimwe akiwa mchanga, nilikuwa nimelipiga marufuku neno kifo nyumbani kwangu. Hata betri ya saa ikifa, tulisema imeisha. Wageni walikuja na pole zao, pole mwanangu, pole sana, naye alizipokea kama mtu anayepokea uji usio na sukari. Sikuona tatizo. Nilidhani neno usilolitaja halijui njia ya kwako.

Asubuhi moja akaja nesi mgeni katika zamu, mama mtu mzima mwenye sauti ya sokoni. Akasoma jina la ukoo kwenye faili, akaguna.

"Hili jina la Kizaramo hili. Kwenu wapi?"

"Masaki, Kisarawe," nikamjibia mtoto, kwa sababu huko ndiko kwa baba yake. Mimi ni wa Kagera.

"Alaa! Kumbe mtani wangu! Mimi Mnyamwezi wa Tabora." Akalishika blanketi jekundu la mwanangu, akalipapasa kama anayetaka kulinunua. "Sasa sikia, Mzaramo. Ukifa, blanketi hili langu. Usije ukampa mtu mwingine."

Utani wa makabila niliujua, nani asiyeujua? Nilijua kwamba Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana hata msibani, maiti ikiwa ndani. Lakini nilidhani utani una mpaka wake, na mpaka ni mlango wa wodi. Nikainuka nimfukuze yule mwanamke.

Kabla sijamfikia, blanketi likavutwa upande wa pili.

"Utakufa wewe kwanza," mwanangu akasema. "Wewe mzee!"

"Mimi nakunywa maji, wewe hunywi. Tutaona nani atamzika nani." Nesi akamzidi nguvu, akalikunja blanketi, akalitia kwapani. "Ukilitaka, njoo uligomboe. Nipo pale mezani." Akaenda zake.

Nilitoka nje barazani na hasira zangu, nikampigia mama mkwe Masaki. Nilimwamkia kwa haraka, nikamwaga yote: nesi amemtabiria mtoto kifo, tena amemnyang'anya blanketi. Nilitegemea alie. Alicheka mpaka akakohoa.

"Amechukua? Vizuri. Mtani asipochukua kitu huyo si mtani, mwanangu. Sasa usimgombolee wewe. Aende mwenyewe."

Nilikata simu nimemkasirikia naye. Niliporudi ndani, kitanda kilikuwa kitupu. Mwanangu alikuwa anatembea, mkono mmoja ukutani, uso umekunjamana kwa maumivu ya magoti. Nikataka kumbeba, akanisukuma.

"Mzaramo kaja," nesi akasema bila kuinua kichwa. "Fidia yangu ni hilo jagi la maji. Nalitaka tupu."

Ilimchukua mchana kutwa, akinywa, akinuna, akimwita Mnyamwezi mwizi kila anapopita. Nesi naye alijibu mapigo. Mimi nilikaa pembeni nikisikia lile neno langu la marufuku likirushwa huku na huku juu ya kitanda cha mwanangu, utakufa wewe, hapana wewe, na wodi nzima inacheka. Nilimwonea wivu yule mwanamke, kwa kweli. Alikuwa amemfikia mtoto wangu mahali ambapo mimi nilikuwa nimefunga mlango.

Jioni, blanketi likiwa limerudi, mwanangu aliniita nisogee.

"Mama, mwenzangu alikuwa na mtani?"

"Mwenzako yupi?"

"Wa kitanda hicho. Alipokufa, nani alichukua kitu chake?"

Nilitazama kile kitanda. Tayari kilikuwa na mtoto mwingine, amelala. Maneno ya hospitali ya mjini yalinijia mdomoni, nikayameza.

"Sijui kama alikuwa na mtani," nilisema. "Alikufa alfajiri, wewe umelala. Mama yake alichukua kanga tu." Nikalia mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Akatoa mkono chini ya blanketi, akanishika kidole.

"Pole, mama," akasema. Kisha akaomba maji.