Povu la Togwa

Watu husema niliacha ghala la tumbaku kwa ujasiri. Sina hakika. Naandika ninavyokumbuka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, Songea ilipoanza kujaa maduka ya watu binafsi, na kila mwenye duka alitaka picha ukutani. Mimi nilikuwa mchambuzi wa tumbaku: jani zuri huku, lenye doa kule, mwaka wa tisa. Jumapili baada ya misa nilichora mbao za vinyozi. Nikichora najiona mtu. Ghalani nilijiona mkono tu.

Ghala likaanza kupunguza watu. Msimamizi, niseme haki yake, alinitetea. "Njoo kesho saa nane mchana usaini," aliniambia. "Usipokuwepo, nafasi anapewa mwingine. Mimi uwezo wangu umeishia hapo." Nikamshukuru kwa dhati.

Kesho yake asubuhi nilikuwa namalizia ukuta wangu wa kwanza mkubwa, hoteli ya mzee mmoja aliyehamia kutoka Tunduru. Alikuwa ameniagiza, "Chora chakula na kinywaji, mgeni ajue anakaribishwa." Nikachora ugali, samaki, maharage, na pembeni kibuyu cha togwa, uji mtamu usiolevya, maana kwetu ndiyo tunayompa mgeni. Kibuyu kilionekana kimepooza, nikakiongezea povu likifurika mdomoni. Nililipenda lile povu kuliko chochote nilichowahi kuchora.

Saa saba hivi mzee akarudi kutoka msikitini na wenzake wawili. Mama muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara akawahi:

"Jamani, pombe ya komoni imefika mpaka kwa Alhaji! Tuje na vikombe vyetu?"

Watu wakacheka. Wale wenzake wawili hawakucheka.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Fundi, hiki nini?"

"Togwa, mzee."

"Togwa ya povu hili? Mimi nauza pombe?"

"Hapana, mzee. Kosa langu."

"Basi watu wakitoka sala ya alasiri wasikikute hapa."

Hakupaza sauti. Angepaza, labda ningepata sababu ya kukasirika na kuondoka.

Rangi ilikuwa mbichi bado. Nikachovya tambara kwenye mafuta ya taa, nikafuta. Rangi ya kibuyu ikamchafua samaki mpaka kichwa kikapotea. Kutoka pale hadi ghalani ni nusu saa kwa mguu. Nikiondoka nitasaini, lakini ukuta utabaki na doa, na mji mzima utajua ni la nani. Hakuna atakayeniita tena. Nikibaki, mama watoto nitamwambia nini?

Nilishuka ngazi mara mbili. Mara ya pili nilifika hadi barabarani, brashi mkononi.

"Baba, unakimbia pombe yako mwenyewe?" akaniuliza yule mama.

Nikarudi. Sijui kama ni maneno yake yaliyonirudisha, au ni yule samaki asiye na kichwa.

Nilikuwa nachora kikombe cha chai mahali pa kibuyu wakati redio ya hotelini ilipotangaza saa nane kamili. Ukingo wa kikombe ukapinda. Nikausawazisha polepole.

Mzee akatoka, akasimama nyuma yangu, akakitazama kikombe.

"Chai yangu si nyepesi hivyo, fundi. Ongeza."

Nikachanganya nyekundu na nyeusi kidogo, nikaongeza.