Goli Iliingia Nikiwa Nimelala kwa Tumbo

Siku timu yetu ilichukua kombe, mi nilikuwa mu stade. Nasema mapema juu mu kartie, mu mutaa wetu, iko watu wanasema sikuwako. Nilikuwako. Nilikuwa nimelala kwa tumbo, uso mu vumbi, kiatu ya mutu nisiyemujua iko juu ya sikio yangu, lakini nilikuwako.

Timu yetu ilikuwa haijachukua kombe tangu baba yangu akiwa anavaa kaputula. Kila mwaka tunafika nusu fainali, tunafungwa, tunarudi nyumbani tukimutukana arbitri. Kaka yangu mukubwa ndiye alinifundisha kumutukana. Ye alikuwa mushabiki wa kweli, ule anayekataa kula timu ikifungwa, mpaka mama anamwambia basi hiyo sahani ampe mwenye njaa. Mwenye njaa nilikuwa mi. Timu ilifungwa sana miaka ile, ndiyo maana nilinenepa.

Vita ilipofika mu kartie za jirani, kaka alikimbilia Tanzania na muke wake. Barua zilichelewa kufika mu kambi yao ya wakimbizi, na mi na barua hatupatani, shule niliacha darasa ya sita. Kwa hiyo tulitumiana kaseti. Unaongea ku redio, inakurekodi, unafunga kaseti mu gazeti, mufanyabiashara anayeenda Kigoma anaibeba. Timu ilipoingia fainali, kaka alituma kaseti nzima na hakuuliza hata hali ya mama.

"Mudogo wangu," alisema, "nenda uniangalilie. Matokeo usiniletee, matokeo nitayapata ku redio. Mi nataka goli yenyewe. Muguu gani, golikipa aliruka upande gani, yote. Nataka nione."

Nikaapa mbele ya mama.

Fainali ilianza saa nane ya mchana, jua ya kuchoma, sababu ya kuvrefe: giza ikiingia kila mutu awe ndani kwake, kombe ao bila kombe. Mu mulango askari walitupapasa mpaka mu soksi. Nikamwambia mumoja, afande, ukipata kitu humo tutagawana. Hakucheka. Mwenzake alicheka, nikapita.

Nilikaa upande wa barabara, ku ngazi za saruji, katikati ya watu wa kwetu. Kando yangu alikaa mama mumoja munene anayeuza karanga, beseni ku magoti. Mupira hakujua kabisa. Aliniuliza sisi ni wale wenye jezi gani. Nikamwonyesha, akasema basi na ye atakuwa wa hao, juu wale wengine wana soksi nyeupe mno, inaonekana mama zao ndio wanateseka kufua.

Sasa mujue kwanza kazi yangu. Mi ni fundi wa pine. Naziba pine za baiskeli na za gari, kibanda yangu iko kando ya barabara. Ukiniamsha mu usingizi nitakuambia: hii ni risasi, hii ni gurunedi, hii ni pine ya gari imepasuka. Wakisikia mulio, majirani walikuwa wanakuja mbio kuniuliza kama wafunge milango. Mi najibu bila kuinua kichwa, "Pine. Endeleeni kupika." Sikukosea hata siku moja. Nilijisifu mpaka watu wakachoka na mi.

Dakika ya themanini na kitu, bado sufuri kwa sufuri. Mushambuliaji wetu, kamutu kafupi ka miguu ya kupinda, akapata mupira pembeni. Upande wetu wote tukasimama. Akamupita mumoja. Mu kichwa mi nilikuwa nimeanza kurekodi: kaka, amepita wa kwanza, sasa anaingia ndani, kaka, anaangalia goli. Na hapo, nyuma yetu, barabarani: pwaa!

Tulianguka wote mara moja, kama nguo kamba ikikatika. Hakuna aliyesema laleni. Miaka ile mwili ulikuwa na akili yake, haukungoja kuuliza fundi. Nikiwa pale chini nikasikia kelele kubwa upande wa pili wa stade, nikajua watu wanakufa. Kumbe ni wa kwetu waliokaa kule mbali na barabara, wanashangilia.

Ilikuwa pine. Pine ya nyuma ya kamyo iliyobeba muchanga, inapita barabarani. Fundi muzima, na ni pine.

Tulipoinua vichwa, mupira ulikuwa mu wavu na mufupi wetu anakimbia bila jezi. Beki wao wawili na golikipa wao walikuwa bado chini, kifudifudi, sawa na sisi. Walipoamka wakamuzunguka arbitri, wakisema mutu hawezi kufungwa akiwa anaokoa maisha yake. Arbitri, na ye mwenyewe magoti yake yalikuwa na vumbi, akawauliza kama kuna aliyesikia filimbi. Hakuna. Basi, goli. Dakika chache tu, mechi ikaisha, kombe yetu.

Nilishangilia kama kichaa. Nikabeba mutu, mutu akanibeba. Kisha nikamukumbuka kaka. Nikamuuliza jamaa wa mbele yangu mufupi wetu alipiga na muguu gani. Akasema ye aliona kisigino changu tu. Nikauliza mwingine, na mwingine. Ngazi zote zile, mutu mumoja tu ndiye hakulala: mama wa karanga. Bado alikuwa amekaa na beseni yake.

"Nilale, karanga zimwagike?" aliniambia. "Vita hii nimeisha lala chini inatosha. Magoti yamekataa."

Tulirudi nyumbani kabla ya kuvrefe, tukiimba. Ku bariyeri askari alituambia tupite kando. Tukapita katikati, kombe iko mbele, na akatuacha.

Kesho yake karani mumoja wa kartie ya Kinanira, mushabiki wa wale wa soksi nyeupe, aliniletea pine ya gari yake. Akasimama mikono mu mifuko, akaniambia anasikia tulichukua kombe tukiwa tumelala.

"Ndiyo, patron," nikasema. "Tukiwa tumelala tumewafunga. Ombeni Mungu tusisimame."

Mudomo wangu ulikuwa muzima, lakini kaseti ya kaka ilikuwa bado tupu. Jioni ile nilifunga mulango nikaongea goli ya kutunga: muguu wa kushoto, mupira umeruka juu, golikipa amepaa na amekosa. Nikasikiliza. Ilikuwa nzuri mno. Kaka angejua ni uongo, juu mufupi wetu hajawahi kuinua mupira kupita magoti ya mutu. Nikaifuta. Asubuhi nikabeba redio mpaka sokoni, nikaiweka mbele ya mama wa karanga, nikamuomba amwambie kaka yangu alichokiona. Akajipangusa mudomo kwanza, kama anapigwa picha.

"Mwanangu, sikujui," alisema ku redio. "Mudogo wako ananisumbua. Ni hivi. Watu wote wakalala, kale kafupi kakabaki peke yake. Kakaangalia huku, kakaangalia kule, kakaona aibu kuacha mupira peke yake. Basi kakausukuma polepole, kama mutu anatoa kuku mu nyumba. Ukaenda, ukaenda, ukaingia. Muguu wa kuume. Mwenye kulinda hakuruka popote, alikuwa ameshika kichwa. Kwisha. Na huko muko salama?"

Nikachukua redio, nikaweka mudomo karibu.

"Kaka, hiyo ndiyo goli. Mi sikuiona, na siombi musamaha. Wale ambao siku zingine walibaki wamesimama, wengine tumewazika. Ikipasuka tena nitalala tena, ata ikiwa ni pine, ata ikiwa ni pine niliyoiziba mi mwenyewe. Kisha nitaamka, nitapangusa suruali, nitauliza tuko ngapi kwa ngapi. Mu kambi wakikuambia goli ile haihesabiwi, waambie walete filimbi."