Sime ya Kijapani Kwenye Uchochoro wa Majengo

Enzi zetu pale Majengo, Meru, miaka ya tisini, mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Ulijitengenezea, ama ukae ukitazama wenzako. Mimi sikukaa kutazama, na ndiyo maana leo nina mabucha mawili na ploti ya vyumba vya kukodisha, na shule niliiachia darasa la sita.

Jumamosi tulijaa kwenye banda la vidio karibu na wachinjaji, harufu ya nyama, mafuta ya taa na miguu yetu ikiwa kitu kimoja. Filamu za samurai zilikuwa kwa Kijapani, kwa hivyo Kaka Bakari, mwenye banda, alitufafanulia. Samurai, akasema, hubeba panga mbili kiunoni. Ule mrefu ni katana. Mfupi unaitwa wakizashi, kiasi cha sime ya babu zetu. Akiingia nyumba ya mtu, mrefu anauacha mlangoni. Mfupi haumtoki, hata akilala uko karibu na kichwa. Na si kila mtu aliruhusiwa zote mbili. Mfanyabiashara alibeba ule mfupi peke yake.

Hapo Kirimi akapata neno. Alikuwa rafiki yangu, mtoto wa mwalimu, soksi mpaka magotini. Akaamua kwamba wanaosoma ndio samurai, na mimi niliyeuza na mama ndizi za kutoka Mitunguu, nafasi yangu ilijulikana.

"Wewe ni mchuuzi, baite," akaniambia, akiniita rafiki kwa Kimeru. "Chukua kafupi."

Wenzetu wakacheka, wakakubali. Nikawa mtu wa upanga mmoja, na ilionekana nitabaki hivyo.

Basi nikautengeneza ukazishinda panga za wote. Mbao ya kreti niliikwangua kwa kigae cha chupa mpaka ikang'aa, mpini nikaufunga kwa nyuzi kavu za mgomba, zikipishana kama za kwenye vidio. Sheria ya mlangoni tuliifuata, na akina mama waliipenda. Mama yangu alikuwa akisema, "Vita vibaki nje, tumbo liingie." Panga ndefu zikaegemea ukuta kama mifagio. Mimi sikuwa na cha kuacha.

Siku moja nikamwambia Kirimi tupigane, nikishinda maneno ya uchuuzi yaishe. Mahali nilichagua mimi: uchochoro wa ploti tuliyopanga, upana wa mtu na ndoo yake. Kirimi akainua upanga wake mrefu, ukanasa kwenye kamba ya nguo. Akauvuta, shuka la mpangaji likamfunika kichwa. Nikamgusa tumbo na wakizashi yangu, polepole, nikangoja atoke humo ndani.

Alipotoka alininyooshea ule mrefu kwa mikono miwili. "Shika. Ni wako."

"Kaa nao," nikamwambia. "Mimi hii inanitosha."

Kirimi sasa ni mwalimu kama babake, na nyama anakula kwangu. Watoto wetu wana panga za kwenye simu, zinatoa moto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchomwa na kibanzi. Wanaingia na simu mkononi, wanakula nazo, wanalala nazo karibu na kichwa. Zamani ukipita kwetu saa ya chakula, ungetazama panga mlangoni ukajua ni akina nani wako ndani. Mlango wangu siku hizi ni wa chuma, mpana, na ukutani hapo hakuna kitu kimeegemea.