Mtoto Asiyepakwa Mafuta

Mama mkwe wangu ana ukuta wake Sirisia, na ukuta ule unanikera mpaka leo. Uko sebuleni, juu ya kochi lenye vitambaa vya kufuma, na umejaa wajukuu. Mara ya mwisho nilihesabu kumi na mmoja. Wote wamesimama wima kama wanangoja kuitwa majina, wamepakwa mafuta mpaka mapaji ya nyuso yanang'aa, na kila mmoja ameshikishwa maua yale yale ya plastiki. Binti yangu hakuwemo. Alifika miaka minane hajawekwa pale.

Si kwamba sikupeleka picha. Nilipeleka tatu, kwa miaka tofauti, zote nimepiga kwa simu. Ya kwanza mama mkwe aliisogeza karibu na macho akasema, "Hapa naona meno tu." Ya pili akasema mtoto anaonekana mgonjwa. Ya tatu aliichomeka ndani ya Biblia, na huko ndiko ilikobaki. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakanunua shamba Trans-Nzoia, na najua vizuri mwanamke wa kwetu anavyotazamwa katika boma lile: ati biashara tunaijua, kulea hatujui.

Basi mwaka jana, tulipofika nyumbani kwetu Matisi, pale Kitale, kutoka Sirisia, binti yangu aliniuliza, "Mami, kwani mimi si wa kukhu?" Kukhu ndiyo nyanya katika lugha ya baba yake. Nilimwambia aache maswali ya kipuzi. Lakini swali liliniingia, na nikaapa kwamba mtoto wangu atakaa kwenye ule ukuta, hata nikilazimika kuupigilia msumari mimi mwenyewe.

Kuna jamaa Kiminini anayepiga picha za harusi. Nilimpelekea simu yangu, akapitia picha zote za binti yangu akicheka bila aibu.

"Si unaona, madam? Unasimama juu ya mtoto kama polisi," akasema. "Piga magoti. Zima flashi, mweke mlangoni, mwangaza itoke kando. Na hiyo mafuta wachana nayo kabisa. Uso ikiteleza hivi, mwangaza yote inaruka."

Kicheko chake kilinichoma, lakini maneno yake niliyashika.

Sasa, huku kwetu, toka Kitale hadi Bungoma, mtoto hatoki nje bila mafuta. Akipauka, aibu ni ya mama. Chai inaweza kukosa maziwa, lakini miguu ya mtoto lazima ing'ae. Nililijua hilo, na bado nikafungia kopo la mafuta kabatini siku tatu nzima. Siku ya pili binti yangu alirudi kutoka shule akilia kwamba wenzake wanamwita mwiko wa ugali. Nilimwambia avumilie, kwamba nafanya hivi kwa ajili yake.

Jumamosi asubuhi nilimkalisha kwenye stuli mlangoni, nyuma yake chumba cheusi tupu, na mwangaza wa uani ukimpiga shavu moja. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa. Akaanza kujikuna. Nikamwambia atulie. Akafuta pua kwa mkono wa sweta, akageuka kumtazama kuku wa jirani, akauliza kama tumemaliza. Nilipiga picha arobaini na hata moja haikufaa. Nikapandisha sauti, nikavua ndara nikaiinua, nikamtisha kidogo, kama mama yeyote. Akatulia tuli. Akanitazama moja kwa moja, macho makubwa, hayapepesi, kila kope inahesabika. Nikabonyeza.

Niliitazama ile picha nikacheka peke yangu kwa furaha. Nasema kweli, sijawahi kufanya kitu kizuri kama kile kwa mikono yangu. Niliichapisha kubwa, nikaiwekea fremu ya mbao mjini Bungoma, na Krismasi nikaibeba hadi Sirisia nimeifunga kwa leso.

Mama mkwe aliishika kwa ncha za vidole.

"Huyu ni nani?"

"Ni mjukuu wako, Mama."

"Mjukuu wangu ndio amepauka hivi? Kwani mafuta imeisha Kitale? Hii siwezi weka kwa ukuta. Watu watauriza kama mamake alikufa."

Wifi yangu alicheka ndani ya kikombe. Mimi damu ilipanda, na sikuijali heshima. Nilimwambia, "Mama, picha nzuri hupigwa hivi. Hizo zako ni masufuria yaliyosuguliwa, si watoto." Mume wangu alikumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe wa kuangaliwa, akatoka.

Mama mkwe aliiegemeza fremu kwenye kabati, uso wa mtoto ukitazama mbao, akamwita binti yangu. Akachota mafuta, akayasugua viganjani mpaka yakapata joto, akaanza paji la uso, akaja masikio, shingo, viwiko, magoti, taratibu, akimsemesha kwa lugha yake. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akamshika mkono wakaenda sokoni kwa mpiga picha. Nilialikwa nikakataa. Nilibaki nikichambua mchele kwa hasira, na nina hakika mawe mengi yalinipita.

Pasaka tuliporudi, binti yangu alikuwa ukutani, katikati kabisa.

Nilisimama mbele ya picha ile nikiikagua kama askari kwenye kizuizi. Kila kitu kilikuwa kibaya. Flashi ilikuwa imemmwagikia usoni, pua inametameta, pazia la nyuma lina maporomoko ya maji ya bluu, maua ya plastiki yamefunika kidevu. Macho yalikuwa yamefumba nusu kwa kucheka, na pengo la jino lililong'oka liko wazi. Hata haikunyooka, aliyepiga alikuwa ameshika kamera upande.

Binti yangu alikuja kusimama kando yangu. Hasira ilikuwa bado inanichemka, na nikamtaka awe upande wangu.

"Haya sema ukweli," nikamwambia. "Kati ya hii na ile yangu, ni gani nzuri?"

Hakufikiria hata kidogo.

"Hii."

"Hii? Na macho hayaonekani? Hebu angalia vizuri!"

"Hapa kukhu alikuwa nyuma ya huyo mtu wa picha, anacheza. Ananiambia niko na uso yake," akasema. Kisha akaongeza, polepole, kama anayeeleza mtu mgumu kuelewa: "Kwa ile yako nilikuwa nangoja kuchapwa."

Nikafungua mdomo nimjibu, na yeye akarudi nyuma hatua moja.