Mtani Aliyekuja Kuomboleza Mapema

Baba alipotolewa uvimbe wa saratani, daktari alimtaka arudi hospitali baada ya mwezi. Alipofika nyumbani kwetu Majimoto akalala akageukia ukuta. Hali chakula, hasemi, na hospitali hataki kuisikia.

Siku moja redioni mtaalamu alieleza kwamba watafiti wanatafuta namna ya kuamsha askari wa mwili wapigane na saratani, na kwamba mgonjwa aliyekata tamaa anahitaji kutibiwa moyo pia. Nikakimbia kumwambia baba dawa imepatikana. Redio haikusema hivyo, niliongeza mimi. Baba akauliza inapatikana wapi. Nikasema redioni hawakutaja, akageukia ukuta tena.

Kesho yake akaja mtani wake, muuza mchele. Kwetu mtani huja msibani kumwigiza marehemu na kudai mali zake. Huyu hakusubiri msiba. Alijilaza mlangoni, akanuna kama baba, kisha akaniambia:

"Mwanangu, nifungulie lile dume la ng'ombe lenye mabaka. Mwenyewe kashakufa."

"Nimekufa lini, mwizi wewe?" baba akafoka.

"Ee, maiti inaongea! Basi na ugali iule tuone."

Baba akacheka mpaka akashika mshono. Akala. Mwezi ulipotimia akapanda lori la mpunga kwenda hospitali.

Simpi mtani sifa za daktari, na utafiti ule sijui uliishia wapi. Ila nilipomwona baba anamfukuza mtani zizini kwa fimbo, nilijisemea: askari wameamka.