Hongwe Mwenye Mayai Kinywani

Nilipokuwa mtoto kule Salale, kwenye mikoko ya delta, nilijua kuchagua samaki kabla sijajua kusoma. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyenifundisha: funua matamvua uone wekundu, bonyeza nyama uone kama inarudi, na jicho likiwa na ukungu mwachie paka. Hongwe, yule samaki mwenye masharubu, alikuwa na sharti la ziada, maana hulea mayai yake kinywani. Kwenye nyumba yenye mjamzito, lazima afunguliwe kinywa kwanza. Akikutwa na mayai hapikwi, la sivyo mtoto anayetarajiwa hatafika.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Boti za wanunuzi zilikuja na barafu na kamba wote wakauzwa huko, hata wale wadogo tuliozoea kuwatia kwenye mchuzi bila kuwaza. Jikoni kwetu ilifika mikia ya samaki, nayo kwa bahati tu. Siku moja baba alirudi na hongwe. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na tangu juzi alikuwa akila wali kwa chumvi.

Nilimpeleka hongwe ukingoni mwa mto, hatua chache kutoka mlangoni, nikamvunja miiba, nikamsugua kwa majivu kuondoa utelezi. Nikamfungua kinywa. Yalikuwemo, ya manjano, makubwa kama gololi, na mengine yalishaota macho. Nilimfikiria mama na wali wake mkavu. Nikayakung'uta matopeni, nikayafukia kwa mguu.

"Umemfungua kinywa?" bibi aliniuliza, akikuna nazi.

"Nimemfungua. Hamna kitu."

"Wallahi?"

"Wallahi, bibi."

Tulimpika kwa tui zito na embe bichi. Mama alikula mpaka akalamba vidole, akasema nina mkono mzuri. Nilifurahi mno, mpaka leo naona aibu kuisema furaha ile.

Siku ya tano uchungu ukamshika. Mtumbwi wa kumpeleka zahanati haujang'oa nanga, mtoto akatoka. Alikuwa wa kiume, na hakulia. Alizikwa mchana uleule. Bibi aliniangalia mara moja, wala hakuniuliza tena mpaka anakufa.

Niliolewa Kibiti na siri yangu. Nimezaa watatu, na kila mimba niliibeba kwa hofu. Wauguzi wamenieleza kwa nini watoto huzaliwa wafu, nikaitikia kwa kichwa, moyo haukukubali.

Mwaka jana mama alikuja kukaa kwangu. Tulikuwa tukiparua samaki uani, nikashindwa kujizuia, nikamwambia yote. Hakuinua uso.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakuona ukiyafukia."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilitaka kula, mwanangu. Nikanyamaza, nikala. Miaka yote najua nimemuua mwanangu kwa uroho wangu."

Nilitamani kumwambia waliyoniambia wauguzi, lakini hata mimi hayakuwa yamenifariji. Nilimshika mkono wenye magamba, tukalia kama watu waliofiwa asubuhi ile.

Siku hizi siamini kwamba samaki alimuua mdogo wangu. Naamini tulikuwa na njaa, na zahanati ilikuwa mbali. Kinachoniuma ni kwamba mimi na mama tulilala chumba kimoja miaka ile yote kabla sijaolewa, kila mmoja akimlilia mtoto yule chini ya shuka lake, akijizuia ili mwenzake asisikie.