Pioni Iliyolishwa Kama Mgomba

Chini ya maghorofa ya Bredäng, kitongoji cha Stockholm, ukishuka kuelekea ziwani, kuna bustani za kukodi. Kila mtu ana kipande chake cha ardhi, kibanda cha mbao cha kuwekea jembe na viti, na geti linalofika kiunoni. Nilifika pale mara ya kwanza nikiwa na gunia la samadi mgongoni. Wakati ule nilikuwa nabeba chochote ambacho mtu alitaka kihamishwe: makochi, majokofu, piano moja ambayo sitaki hata kuikumbuka. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali nikapazoea. Stockholm nayo nilikuja nipite tu.

Mwenye samadi alikuwa mama mmoja wa Kiganda. Alikuja huku kama mkimbizi, na watoto wadogo, miaka ambayo kwao ukilala hukujua kama utaamka. Sasa watoto ni watu wazima, ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiswidi, naye amestaafu kazi ya jikoni. Kiswahili chake alikiokota Nairobi, changu ni cha Moshi, tukaelewana vizuri tu. Aliniita "mwanangu" kabla hajaniuliza jina.

Bustani ile haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa ya bibi mmoja Mswidi, jirani yake wa mlango kwa mlango kwa miaka mingi. Magoti yalipomkataa, bibi akahamia nyumba ya wazee Skärholmen, na bustani akamwachia mama kwa sharti moja: aitunze pioni, mmea wa maua makubwa uliokuwa karibu na kibanda. Bibi aliitoa shambani kwa mama yake mzazi mwaka alioolewa.

"Vingine vyote fanya upendavyo," alimwambia. "Hiyo nataka niione tena ikichanua."

Mama aliitunza. Juni ya kwanza pioni ikatoa majani matupu. Ya pili, ambayo ndiyo iliyonikuta mimi pale, majani yalikuwa makubwa, ya kijani kibichi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ua hata moja hapana.

Tatizo ni kwamba Juni ndiyo huwa na mzunguko. Jumapili ya kwanza ya mwezi wenye bustani hutembeleana, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa mkononi. Mnasimama nje ya geti, mwenyewe anatangaza kinachochanua kwake, ndipo mnaingia kutazama. Mwanzoni nilicheka, kuona watu wazima na mvi zao wakitangaza maua kama mtu anayetangaza posa. Kisha nikaanza kusikiliza. Mtu aliyekaa kimya majira yote ya baridi anasimama pale na kusema, "Kwangu yale maua ya zambarau ya syren yamefunguka, na ule mti wa tufaha bado una maua upande wa kivulini," na sauti yake unaisikia inatetemeka kidogo.

Mwaka ule bibi alikuwa ametuma salamu kwamba atakuja kwenye mzunguko, kwa kiti cha magurudumu. Mama hakulala vizuri wiki nzima. Jirani wa upande wa pili, Mkongo mwenye nyanya nyingi na maneno mengi zaidi, aliegemea uzio wake akaitazama pioni. Mama alimwita Yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao.

"Yaya, hii maua yako iko mu congé?"

"Likizo gani ya miaka miwili!"

"Basi tuma huyu kijana Skärholmen. Pale uwanjani wanauza. Tunafunga moja na kamba kidogo, hapa katikati ya majani. Mzee ataona nini?"

"Ataniona mimi," mama alisema, akaendelea kupalilia.

Bibi aliletwa asubuhi, mapema kuliko wengine, na dereva mmoja mrefu aliyekuwa na haraka. Alivaa kofia ya majani makavu na viatu vya bustani, ingawa miguu yake haikugusa ardhi. Mama alimkumbatia, kisha akasimama mbele ya pioni kama mtu anayejaribu kuficha sahani iliyovunjika.

"Sogea, jirani," bibi alisema. Akatazama. "Majani mazuri sana."

"Ndiyo."

"Maua?"

Bibi akaomba tumsogeze karibu, akainama kwenye kiti chake mpaka nikakishika kwa woga, akatumbukiza vidole udongoni kando ya shina. Vidole vikazama. Kiganja kikazama. Mkono ukafika kwenye saa.

"Hapa kuna nini?"

"Chakula," mama alisema.

"Na hapa?"

"Chakula."

"Umeilisha kama nani, wewe?"

Mama akanitazama, akitafuta msaada. Neno lilikuwa rahisi, lakini Kiswidi chake cha jikoni hakikuwa nalo. Ikabidi nieleze mimi. Nikamwambia bibi kwamba kwetu, kwao mama na kwetu Moshi vilevile, mgomba ni kama mkwe wa nyumba: hauachwi na njaa. Maganda, majivu, samadi, majani makavu, vyote vinapelekwa shinani, unarundika na kurundika, na msimu wa baridi au kiangazi ukija unaufunika vizuri zaidi. Mtu mwenye migomba iliyo wazi shinani anasemwa na majirani. Nami nilikuwa nimebeba yale magunia bila kuuliza swali hata moja, kwa sababu nililelewa hivyohivyo.

Bibi alicheka mpaka dereva, aliyekuwa amekwisha fika njiani, akageuka kutazama kuna nini.

"Lakini pioni si mgomba!" alisema akijifuta macho. "Ina macho madogo mekundu kwenye mizizi. Yanataka yawe karibu na juu, yaguswe na baridi. Asipoonja baridi hachanui huyu. Wewe umemvalisha koti."

"Nilipofika nchi hii," mama alisema polepole, "kila mtu aliniambia nivae koti."

Kicheko cha bibi kilikatika. Akamshika mkono kwa ule mkono wake wenye udongo. Kisha akaomba kijiko.

Watu wa mzunguko walipofika getini walitukuta wote watatu tukiondoa samadi kwa vijiko vya kahawa, kwa kuwa jembe bibi alilikataza, lisije likayakata yale macho. Mtu mmoja akauliza, kama ilivyo desturi, kwetu kunachanua nini.

"Vitunguu na stroberi," mama alisema bila kuinua kichwa.

"Na pioni?"

"Inavuliwa koti," bibi akajibu.

Nilikuwa nimepanga kuondoka vuli ile, kuna rafiki alikuwa Malmö na habari za kazi bandarini. Sikuondoka. Nilijiambia ni kwa sababu ya kodi ya chumba changu kule Alby, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kujua itakuwaje. Majira ya baridi yalimtesa mama. Theluji ya kwanza ilipoanguka alinipigia simu.

"Mwanangu, iko uchi kule nje."

"Ndivyo inavyotaka, mama."

"Majani makavu kidogo tu. Kiganja kimoja."

"Hapana, mama."

Siku moja nilimkuta amesimama pale, amevaa koti zito na kilemba juu ya kofia, na mfuko wa majani makavu mkononi. Hakumwaga. Aliitazama ile ardhi iliyoganda kama mtu anayemtazama mtoto wake akilia kwa daktari, kisha tukarudi nyumbani kunywa chai.

Mwezi Mei likatoka tumba. Moja tu, gumu kama gololi, limejaa sisimizi wadogo weusi waliokuwa wakilamba utamu wake. Mama alitaka kuwafukuza, nikampigia bibi simu kwanza. Sauti yake ilikuwa imekwisha sana. Hakuweza tena kuketi kwenye kiti, achilia mbali kuja bustanini. "Waache, wanalinda tumba," alisema tu.

Ua lilifunguka Jumamosi, siku moja kabla ya mzunguko. Lilikuwa la rangi ya waridi iliyopauka, kubwa kuliko ngumi, na harufu yake unaipata ukiwa getini. Mkongo aliliona kabla yetu.

"Yaya! Kesho watafunga midomo wote!"

Mama alizunguka ile pioni. Kisha akatoa kisu mfukoni.

"Yaya, unafanya nini? Watu wanakuja kesho! Miaka yote umewaonyesha majani, na leo unakata?"

"Watu wana miguu," mama alisema. "Mwakani watakuja tena."

Akakata.

Tulipanda treni na lile ua ndani ya chupa ya maji. Mama alilikinga kwa kiganja kila milango ilipofunguka, kana kwamba upepo wa stesheni ungeliiba. Kwa bibi, pazia lilikuwa limefungwa nusu. Nilidhani amelala. Mama aliweka ua karibu na shavu lake, akasubiri.

Bibi alifungua macho. Alilitazama kwa muda mrefu, akalinusa, akalitazama tena, hasa pale chini lilipokatwa.

"Umekata fupi mno," alisema.

"Najua."

"Ukikata, unakata juu ya jani."

"Najua. Niligombezwa na Mkongo, nikakata haraka."

"Na kesho utawaambia nini getini?"

"Nitawaambia imechanua."

"Watataka kuiona."

"Waje huku, basi. Nitapika chai."

Sisimizi mmoja aliyekuwa amejificha kati ya petali akateremka, akavuka shuka jeupe, akaanza kupanda kidole cha bibi. Mama akanyoosha mkono amtoe.

"Mwache," bibi alisema, macho yake hayakutoka kwenye kile kidole. "Yuko kazini."